Kozi ya MCAT kwa tuliosoma PCB: kilichostahili pesa yangu

Kama ulimaliza kidato cha sita kwa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) na sasa uko Marekani unautaka udaktari, kozi ya MCAT, ule mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari, ichague kwa jinsi inavyokufundisha kusoma kifungu. Mengine yanapatikana kwingine, na mengi ni bure.

Niliyosoma mimi ni ya mtandaoni, jioni, mubashara na mwalimu, na bei yake imevuka dola 2,000. Kwa mtu anayehudumia wazee zamu ya usiku hapa Texas, hizo ni pesa nzito, kwa hiyo nilihudhuria kwanza vipindi vya majaribio vya kozi kadhaa. Nyingine zilianza na sheria za Newton, ambazo nilizijua tangu kidato cha tano. Hii ilianza na kifungu kuhusu usanifu wa majengo. Mwalimu akatuuliza mwandishi anabishana na nani, darasa zima likanyamaza. Nikajiandikisha hapo hapo.

Sehemu ya MCAT inayoitwa CARS, ya kusoma na kuchambua hoja, ina vifungu 9 na maswali 53 kwa dakika 90. Ni falsafa, sanaa, historia. Hakuna cha kukariri, na sisi wa PCB ufahamu tuliuacha kidato cha nne. Hata zile sehemu tatu za sayansi, katika kila moja maswali 44 kati ya 59 yanatoka kwenye vifungu, vingi vikieleza majaribio ya maabara na grafu zake. Mwalimu huyu alitudai tuandike kwa nini kila chaguo tulilolikataa halifai, hata pale tulipopata. Kazi inachosha sana! Lakini ndiyo iliyonipandisha.

Mitihani yao ya mazoezi siipendekezi. Maswali ya fizikia yanataka hesabu ndefu, wakati MCAT haina kikokotoo na namba zake unaweza kuzikadiria. Fanya mitihani ya mazoezi ya AAMC wenyewe, yaani umoja wa vyuo vya udaktari vya Marekani; ndio wanaoitunga MCAT. Upo hadi wa bure. Saikolojia na sosholojia, ambazo PCB haikuzigusa kabisa, nilizipata kwenye video za Khan Academy bila kulipa senti. Na kama kipato chako ni kidogo, angalia kwanza mpango wa AAMC wa kupunguza ada kama unakuhusu.

Nimefurahia pia kwamba kipindi ukikikosa kwa ajili ya zamu, asubuhi unakikuta kimerekodiwa.

Ile dhamana yao ya kurudisha pesa alama zisipopanda, isome yote. Inadai umalize kila zoezi kwa tarehe yake, na anayefanya kazi muda wote hawezi. Wadogo zangu mnaopiga zamu, msilipe kwa sababu ya dhamana. Nendeni kwenye kipindi cha majaribio, mwombeni mwalimu achambue kifungu kimoja cha CARS mbele yenu. Akikwepa na kurudi kwenye slaidi zake, tafuteni kozi nyingine.