Paneli ya hodhi: kabla hujalipa, igeuze uone ukingo wa chini

Paneli ya kuziba ubavu wa hodhi la kuogea niliyoinunua mara ya kwanza ilidumu miezi 14. Nakumbuka idadi hiyo kwa sababu bado inaniuma. Ilikuwa ya MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao, nyeupe, inang'aa, na boksi lake liliandikwa kwa herufi kubwa kwamba inastahimili unyevu. Siku ninaing'oa, upande wa juu ulikuwa kama wa jana, hauna hata mkwaruzo. Chini ndiko kulikoharibika. Ukingo ulikuwa umetutumka unene mara mbili, rangi imejibandua kama ganda, na nilipobonyeza kwa kidole gumba, kidole kilizama kwenye unga mbichi unaonuka uvundo.

Tangu hapo, mtu akiniuliza anunue paneli gani, namuuliza kitu kimoja: ukingo wake wa chini umetengenezwa na nini ukishakatwa? Rangi na mng'ao utajichagulia mwenyewe.

Neno la kushika ni hilo, *ukishakatwa*. Paneli nyingi huja ndefu kwa kimo kuliko nafasi uliyonayo, kwa hiyo lazima zipunguzwe. Fundi hukata chini, kwa kuwa juu ndiko kunakoingia chini ya mdomo wa hodhi na ndiko kunakoonekana. Yaani ule upande uliozibwa kiwandani ndio unaotupwa, na upande ulio wazi unakalishwa sakafuni, mahali maji yanapotuama kila mtu anapotoka kuoga. MDF ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Zikinywa maji hufura, na hata ukizikausha wiki nzima hazirudi zilivyokuwa. Ile yenye kiini cha kijani inachelewa kuharibika, lakini haizuii maji, na muuzaji anayekuambia inazuia hakutendei haki.

Chaguo langu la kwanza ni ubao wa wedi, na silifichi hilo. Wedi ni kampuni ya Ujerumani, na ubao wao ni povu gumu la bluu lililopakwa saruji yenye wavu wa nyuzi za kioo pande zote mbili. Povu lenyewe halinywi maji, kwa hiyo ukikata popote, ukingo unaoupata ni salama kama ulioukata. Unakatwa kwa kisu cha kawaida cha kukatia makaratasi ya ukutani, na mtu mmoja anaubeba kwapani.

Najua mtasema ni ghali. Pigeni hesabu nami. Ubao mmoja wa milimita 2500 kwa 600, kwa hodhi la milimita 1700 kwa 700, unatoa ubavu mrefu na ubavu mfupi, na bado kinabaki kipande cha milimita 100. Paneli za dukani zinauzwa kila ubavu peke yake, na ule mfupi mara nyingi bei yake haiendani kabisa na ukubwa wake. Usumbufu uliopo ni kwamba ubao huu hauachwi wazi. Unahitaji fremu nyuma na vigae mbele. Mimi nilitumia vigae vilivyobaki kwenye ukuta wangu. Kama huna masalia ya vigae, hesabu inabadilika, nakubali.

Ya pili ni plastiki ya PVC. Nayo haiogopi maji, ila chagua iliyojaa, siyo ile yenye matundu ndani kama mrija, maana ukiikata chini matundu yanabaki wazi na uchafu unajikusanya humo.

Ya tatu, akriliki nyembamba. Ni rahisi na haiozi, lakini inapepesuka ukiigusa kwa goti. Iwekee ubao wa kuiegemeza katikati.

MDF naiweka mwisho. Kama mfuko hauruhusu kingine, basi ukishakata, paka ukingo wa chini rangi ya mafuta mara tatu, kila mkono wa rangi ukauke kabisa, kisha uinyanyue milimita chache kutoka sakafuni na uzibe mwanya kwa silikoni. Ukiruka hatua hiyo, utarudi dukani.

Kinachonikera zaidi ni picha za wauzaji. Nimetazama picha za paneli hadi macho yakauma: mbele, pembeni, na taulo limekunjwa juu. Sijaona hata moja inayoonyesha chini. Dukani nilimwomba kijana aigeuze, akaniambia boksi halifunguliwi mpaka nilipe. Na ukishalipa na ukaikata, hairudishwi. Mtu aliyejibana miezi kadhaa apate paneli moja anastahili kuonyeshwa anachonunua. Halafu vibanio vya kuishikilia vinauzwa kando, na hilo unaligundua ukiwa nyumbani umepiga magoti.

Kabla hujaenda, pima kimo kutoka chini ya mdomo wa hodhi hadi sakafuni, mahali patatu: kushoto, katikati na kulia. Sakafu ya bafuni mara nyingi ina mteremko, na kwangu tofauti ilikuwa milimita 9. Pitisha pia kidole kwenye silikoni iliyo kati ya hodhi na ukuta. Kama imeachia, iondoe yote uweke mpya kwanza, kwa sababu maji yanayopenya hapo yanaishambulia paneli kwa nyuma, na huyaoni.

Na kama utaweka vigae, usizibe kila kitu. Upande wa bomba la kutolea maji, acha kipande kinachoshikwa kwa sumaku nne na kuzungushiwa silikoni tu. Bomba langu lilipoanza kuvuja, fundi alikata silikoni kwa wembe, akakitoa kile kipande, akakaza nati, akakirudisha. Hakuvunja kigae hata kimoja.