Chui wangu wa Morogoro Stores

Dari la sebuleni lilikamilika mwezi wa nne mwaka jana. Ni nyumba ya Goba niliyoanza kuijenga nikiwa bado nashika chaki, nikaja kuimaliza nina wajukuu watatu. Vikabaki vipande viwili vya bodi. Fundi alikuwa ameshavibeba begani nikamwambia, baba, hivyo viache, nina kazi navyo.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Sisi tuliozaliwa Tunduru tumekua tukisikia kwamba Edward Saidi Tingatinga, yule wa michoro, ni mtu wa kwetu, na kwamba picha zake alizichora kwenye bodi za dari kwa rangi ya kupakia baiskeli. Nikajipangia: nitabeba bodi yangu mwenyewe hadi kwa wachoraji, nichorewe chui, nije nimtundike chini ya dari lilelile. Niliona nimetumia akili nyingi sana.

Nikashuka Namanga ya hapa Dar es Salaam, nikachukua bajaji mpaka Morogoro Stores pale Oysterbay, bodi nimeifunga kwenye kanga kama mtoto. Mchoraji wa kwanza niliyemwonyesha aliigonga kwa kucha mara mbili, akaichungulia ukingoni, akamwita mwenzake. Wakacheka, ila kwa adabu. "Mama, hii jipsamu. Nikikaza brashi inameguka, ikipata maji inavimba. Mzee Tingatinga hakuchorea hii." Bodi za enzi zile, akanieleza, ni hadibodi, yaani mbao iliyosagwa ikakandamizwa, ngumu, upande mmoja laini kama sahani. Yangu ni unga wa jasi uliovikwa karatasi. Nikaikunja kanga yangu taratibu.

Kwa mwenye haraka, basi: nilinunua picha moja ya tingatinga, chui, futi mbili kwa mbili, kwenye hadibodi yake yeye mchoraji, shilingi 80,000 bila fremu. Imekaa ukutani miezi minane. Sijutii. Mwenye muda aendelee.

Pale si duka moja. Ni jengo la wachoraji wa ushirika, halafu vibanda na vipenu kuzunguka, watu wamekaa chini au kwenye vigoda, makopo ya rangi magotini, picha zimeegeshwa hadi kwenye miti zikikauka. Harufu ya rangi ya mafuta na tina unaipata kabla hujashuka kwenye bajaji. Mwenye pumu avae barakoa, sisemi kwa utani. Ukiwa Mswahili watakusalimu wakuache utembee, maana wameshazoea kwamba sisi hatununui. Hilo ndilo lililoniuma kidogo. Nimeishi Dar es Salaam zaidi ya miaka thelathini na sijawahi kukanyaga pale, kwa sababu kichwani mwangu zile zilikuwa picha za wazungu. Ukutani kwangu kulikuwa na kalenda ya benki na lile bango la matunda ambalo kila mtu analo, zabibu na tufaa.

Na watalii kweli wameacha alama. Kibanda baada ya kibanda ni twiga walewale, mbuyu uleule, Kilimanjaro uleule nyuma yao, Wamasai wembamba wamepanga mstari. Nyingine zimechorwa kwa haraka mpaka twiga ana sura ya mbuzi. Usinunue hizo. Au nunua, ni hela yako, lakini usije ukasema tingatinga ni takataka.

Kilichonikalisha kwa yule mchoraji wa jipsamu ni kwamba alikuwa katikati ya madoa. Alikuwa na chui kwenye mapaja, mwili umeshapakwa rangi ya haradali, mandhari nyuma imetoka bluu juu ikafifia hadi nyeupe chini. Rangi nyeusi ameimimina kwenye kizibo cha soda. Brashi yake ameipunguza nywele kwa wembe mpaka zimebaki chache. Mkono wa kushoto ameukunja ngumi, mkono wa kulia ameuegemeza juu ya ile ngumi, halafu anagusa: tu, tu, tu. Kila doa ni miguso minne au mitano inayozunguka bila kufunga, katikati inabaki haradali iliyokoza. Shingoni madoa madogo, mgongoni makubwa, kwenye paja yanapinda kufuata nyama. Hapimi popote. Nilikaa pale karibu saa nzima, nikanunuliwa hadi soda.

Tulizungumza akiwa anagusa. Kwao Newala. Alikuja mjini na mjomba wake, akiwa ameishia darasa la saba, na mwaka wa kwanza mzima hakuchora mnyama hata mmoja. Aliosha brashi, akachanganya rangi, akapaka mandhari za watu. Mandhari ndiyo shule yenyewe, anasema, kwa sababu rangi mbili zinatakiwa zikutane zikiwa mbichi na usiache mstari. Mwaka wa pili akapewa majani na mawe. Ndege wa kwanza alimchora akampelekea mjomba, mjomba akamtazama yule ndege, akachukua brashi, akafunika yote na rangi nyeupe, akamwambia anza. Sasa ana watoto watatu shuleni na kiwanja Chanika, na yeye mwenyewe ana kijana anayemwoshea brashi. Nilimwangalia yule kijana. Alikuwa anaosha kweli, kimya, na jicho lake liko kwenye mkono wa bosi wake. Nimefundisha miaka thelathini na minne, najua mwanafunzi anayeiba kazi kwa macho ninapomwona.

"Hata Mzee alianza kwa kuajiriwa mashambani," akaniambia. Wanamwita Mzee. Alikufa na miaka arobaini. Mimi nina sitini na tatu na bado wauza mboga wananiita dada nikiwa na hela mkononi.

Habari za Tingatinga mwenyewe zinastahili kusimuliwa na Watanzania kwa Watanzania, maana darasani kwangu kila mwaka kulikuwa na mtoto aliyeamini michoro hiyo imepewa jina la mtambo wa kusawazisha barabara. Alizaliwa 1932. Alitoka Tunduru akaenda Tanga kwenye mkonge, kama walivyokwenda maelfu ya vijana wa kusini, babu yangu mzaa mama akiwamo. Baadaye akaja Dar, akafanya kazi za nyumbani kwa wazungu, akabangaiza. Kuchora alianza 1968, mtu mzima wa miaka thelathini na sita, bila kufundishwa na yeyote. Bodi zilikuwa rahisi kupatikana, rangi ya baiskeli ilikuwa dukani, basi. Mnyama mmoja, mandhari ya rangi moja, macho makubwa. Picha zikauzwa hapohapo nje ya Morogoro Stores, ambako wageni wa Oysterbay walikuja kununua mahitaji yao, na mkewe akisaidia kuuza. Hata picha zilipoanza kununuliwa alikuwa bado ana kibarua Muhimbili. Mwaka 1972 polisi walilifyatulia risasi gari alilokuwamo usiku, wakidhani ni la wahalifu. Akafa.

Hesabu mwenyewe: 1968 hadi 1972. Miaka minne! Mimi dari peke yake limenichukua miwili.

Alichowaachia ni watu zaidi ya picha. Alikuwa ameshawakalisha chini ndugu na jamaa zake akawafundisha: Mpata, Linda, Tedo, Mandu, Ajaba. Hao wakafundisha wapwa zao, wapwa wakafundisha watoto wa jirani, na 1990 wakajiunga kuwa ushirika unaobeba jina lake. Ndiyo maana pale Morogoro Stores ukichimba kidogo kila mtu ana mjomba. Hili la kusini nalo lina namna yake. George Lilanga, yule msanii wa mashetani yenye masikio makubwa, alizaliwa Masasi 1934, na pale Nyumba ya Sanaa, kilichokuwa kituo cha wasanii hapa Dar, alianza kama mlinzi wa usiku. Sisi wa kusini watu wanatujua kwa korosho tu.

Turudi kwenye bei. Alianza na 120,000. Nikamwambia, mwanangu, mimi nimekuja na bajaji, sikuja na basi la watalii. Akacheka, akashuka hadi mia. Nikamtajia Tunduru. Akashuka hadi tisini. Nikamwambia mimi ni mwalimu mstaafu, akasema mama sasa unanionea, chukua themanini. Zile ndogo za kuwekwa mezani nilisikia zikienda kwa elfu kumi na tano, ishirini. Sidhani themanini ni ghali. Lile bango la matunda linauzwa elfu kumi na linapauka kabla ya masika.

Nilimwomba chui wangu asiwe na Kilimanjaro nyuma yake. Kwetu hakuna Kilimanjaro. Akaniuliza kwetu kuna nini, nikasema mikorosho. Akafikiri, akaniambia mkorosho hajawahi kuuchora, akakiangalia kidole changu nikiuchora hewani. Mkorosho aliouchora umekaa kama mwembe, sitamdanganya mtu, lakini mabibo ameyapatia: mekundu, na korosho zimening'inia chini yake kama mkia wa koma. Kila mgeni anayeingia kwangu anauliza yale ni matunda gani.

Sasa kasoro, na kubwa ilikuwa ya kwangu. Aliniambia picha ikae siku tano kabla ya kuifunga. Rangi hii haikauki kama ya maji. Juu inajifanya kavu, chini bado bichi. Nikaja siku ya tatu, kwa sababu nilikuwa na shughuli ya ukoo Jumamosi na nilitaka waione. Alisita. Nikamtolea sauti ya ualimu. Akaifunga kwa gazeti, akaniombea safari njema. Kufika Goba, gazeti limegandamana na pembe ya chini, na nilipolivuta likaacha mkia wa chui umeandikwa nusu ya matokeo ya mechi, kinyumenyume. Shemeji yangu aliisoma shughuli nzima. Jumatatu nikarudi nayo kichwa chini. Hakuniuliza kitu. Aliilowanisha ile sehemu, akaikwangua kwa kisu kwa subira, akapaka haradali, akarudishia madoa, akaiweka kivulini, akaniambia kwa upole wa kutisha: "Mama, safari hii siku tano." Hakunitoza hata mia.

Fremu nilifanyia mtaani kwetu na fundi ambaye jina lake nalihifadhi. Alipigilia msumari mmoja ukatokea mbele, karibu na jani. Hapo sikurudi.

Ukienda, igeuze picha uone nyuma yake kabla ya mbele. Hadibodi nzuri ni nzito na haijapinda. Ya kitambaa iwe imevutwa sawasawa pembe zote nne, ukiibonyeza irudi. Halafu iinamishe kwenye mwanga uitazame kwa ubavu: madoa, manyoya na majani vinatakiwa viwe vimenyanyuka kidogo, maana vimepakwa juu ya rangi iliyokwisha kukauka. Zikiwa bapa zote, alikuwa na haraka. Nunua kwa mwenye brashi mkononi, na hakikisha amesaini jina lake mwenyewe. Ukikuta imeandikwa E.S. Tingatinga na bei ni elfu themanini, msalimie muuzaji uende zako. Za Mzee zenyewe nyingi ziliondoka nchini zamani.

Kuhusu kunakiliana, najua kuna wanaolalamika kwamba wanachora kitu kilekile. Nililalamika pia. Yule mchoraji akaniuliza kama mimi jedwali la kuzidisha nililifundisha tofauti kila mwaka. Sikuwa na jibu la haraka na mpaka leo sikubaliani naye, kwa sababu jedwali halina macho na chui anayo, na macho ya chui wangu hayafanani na ya chui aliyekuwa kibanda cha pili. Wangu anaangalia pembeni, kama aliyeitwa jina lake.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeitoa kwa ajili ya mkorosho.

Ile jipsamu bado iko stoo. Mjukuu wangu wa kati, wa miaka sita, kila akija anavuta kiti chini ya picha anahesabu madoa, na kila mara anapata idadi yake. Mara ya mwisho alifika mia moja na tisini na mbili akaitwa kula, akakataa kushuka kitini mpaka nimshikie doa aliloishia kwa kidole. Nikashika. Wali ukapoa.