Sauti ya laptopu kwenye hom thieta: waya wa kununua na wa kuacha dukani

Kabla hujakanyaga Kariakoo, vuta amplifaya yako mbele, washa tochi ya simu na upige picha mgongo wake. Hiyo picha ndiyo ya kumwonyesha muuzaji. Ukimwambia "naomba waya wa risiva" atakupa wa king'amuzi cha dishi, maana kwetu risiva ndiyo hiyo. Sema "amplifaya ya hom thieta", mpe simu aangalie matundu mwenyewe. Mimi nina mfuko mzima wa nyaya kabatini nilizonunua kwa kutaja majina tu, na nyingi hazijawahi kuchomekwa popote.

Kwa anayeangalia filamu, namba moja ni HDMI, na namba mbili iko mbali nyuma yake. Waya mmoja unapitisha picha na hadi chaneli 8 za sauti isiyobanwa (kila chaneli ni sauti ya spika yake), pamoja na mifumo ya sauti ya sinema kama Dolby TrueHD, DTS-HD na Atmos ikiwa amplifaya inaijua. Unatoka kwenye laptopu, unaingia HDMI IN ya amplifaya, halafu HDMI OUT inakwenda kwenye TV. Waya wa kawaida wa mita 2 unatosha kabisa. Ule wenye vichwa vya dhahabu, ndani ya boksi lenye kidirisha, hautakuongezea besi hata kidogo. Pesa iweke kwenye ubora pale tu unapohitaji urefu: ukikaribia mita 10, waya wa bei chee huanza kukatakata, hasa kwa picha za 4K.

Sasa mtego wenyewe. Hom thieta nyingi za boksi moja, zile zinazokuja na deki yake na spika tano nyembamba, zina tundu moja tu la HDMI, na limeandikwa OUT. Hilo linatoa picha ya deki kwenda kwenye TV, halipokei chochote. Shemeji yangu alinunua HDMI ya mita 5, akachomeka, kimya. Akadhani laptopu imekufa, akaipeleka kwa fundi. Kumbe ni herufi tatu ndogo ambazo hakuna aliyezisoma.

Ila kama pembeni ya hiyo OUT pameandikwa ARC, na TV yako nayo ina tundu la ARC, bado una njia: chomeka laptopu kwenye TV, sauti itarudi kwa amplifaya kupitia waya uleule unaoziunganisha. ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, kwa hiyo vyombo vya kabla ya hapo usivitafutie. Pia ujue TV nyingi huipunguza sauti ya laptopu kuwa chaneli 2 kabla ya kuirudisha.

Laptopu za zamani zenye VGA tu, lile tundu pana la picha, zina taabu yake, kwa sababu VGA haibebi sauti. Ukinunua adapta ya VGA kwenda HDMI, chagua yenye kamkia ka kuchomeka kwenye tundu la hedfoni. Zenye USB-C pekee nazo zikague: si kila tundu la USB-C linatoa picha na sauti. Tafuta alama ya radi au ya DP (DisplayPort, njia ya kutoa picha) pembeni yake, au beba laptopu ujaribu adapta palepale dukani. Ukishachomeka na sauti ikaendelea kutoka kwenye laptopu, usimlaumu muuzaji. Bonyeza kialama cha spika, chagua jina la amplifaya, kisha ingia kwenye mipangilio ya spika uweke 5.1, yaani spika tano na moja ya besi. Usipofanya hivyo, spika za nyuma zitabaki pambo la ukuta.

Namba mbili ni waya wa optiko, unaopitisha mwanga badala ya umeme. Toshiba ndio walioutoa mwaka 1983, na ndiyo maana amplifaya nyingi za mtumba kutoka Ulaya, zile nzito zisizo na HDMI, zina tundu lake: la mraba, lenye kamlango kadogo. Vua vifuniko vya plastiki kwenye ncha zote mbili. Vinang'aa kama sehemu ya waya, na watu huvilazimisha hadi wanavunja tundu. Upande wa pili ukitoa mwanga mwekundu, waya ni mzima. Usiukunje kona kali. Unabeba stereo safi, au Dolby Digital na DTS zilizobanwa, basi. Gemu nyingi zitakupa chaneli 2 tu. Laptopu nyingi hazina tundu hili, kwa hiyo utanunua na kadi ya sauti ya USB yenye optiko. Nikipata amplifaya ya mtumba yenye spika nzuri, gharama hiyo nailipa bila kinyongo.

Kuhusu USB: tundu la USB mbele ya amplifaya kwa kawaida ni la flashi. Waya wa USB kwa USB, wenye dume pande zote mbili, hautapitisha sauti ya kompyuta. Usiununue, hata ukiambiwa "huu ndio wenyewe".

Namba tatu ni waya wa bei ya chipsi mayai: pini ndogo ya hedfoni upande mmoja, nyekundu na nyeupe upande mwingine, inayoingia tundu la AUX la amplifaya. Kwa taarabu na bongofleva unatosha, kwani muziki mwingi ni chaneli 2 tu. Chagua pini yenye mikanda miwili myeusi. Ya mitatu ni ya simu yenye maiki. Sauti ya laptopu ipandishe karibu na mwisho, kisha punguza na ongeza kwenye amplifaya, vinginevyo utasikia mchakacho. Ugonjwa wake mkubwa ni mvumo, ile "mmmm" isiyoisha. Chomoa chaja ya laptopu: mvumo ukikata, tatizo ni njia ya ethi, si waya. Nunua kichujio cha mvumo, kale kaboksi kadogo kanakokaa katikati ya waya, au tumia betri. Fundi akikushauri ukate pini ya ethi kwenye plagi, mshukuru na umsindikize mlangoni.

Bluetooth naiweka mwisho. Siku ya kupika pilau na wageni wamejaa sebuleni, ni raha, kila mtu anaweka wimbo wake. Kwenye filamu midomo inatangulia na maneno yanafuata nyuma, na spika ni mbili tu zinazofanya kazi. Kama amplifaya yako haina Bluetooth na unafikiria kununua kipokezi, pesa hiyohiyo inakupa waya wa AUX na chenji inabaki.