Siku tatu Venice kabla ya kupanda meli, na ile meza ya dirishani

Hii hoteli sitaitaja jina, na sio kwa kuogopa, sababu nitaisema huko mbele. Ni kahoteli kadogo ka ghorofa tatu upande wa Cannaregio, kameegemea mfereji kabisa. Tulilala siku tatu mimi na baba watoto mwaka jana, mwezi wa tisa kama sikosei, zaidi ya laki tano kwa usiku ukiigeuza kwa hela yetu. Chumba kizuri. Kitanda kizuri, shuka nyeupe pee, maji ya moto muda wote. Ingekuwa ni hayo tu ningeweka nyota tano nikaendelea na mambo yangu.

Ila jamani ile meza.

Ngoja kwanza mjue tulifikaje, maana bila hivyo mtaona nalalamikia kiti. Mume wangu kafanya kazi bandarini Dar miaka 31. Alianza kama kuli, akamalizia msimamizi, miaka yote hiyo anapakua mizigo ya meli za watu, na yeye mwenyewe chombo kikubwa alichowahi kupanda kama abiria ni boti ya Zanzibar. Alipostaafu watoto wakachanga, binti yetu aliyeko Ujerumani akatoa sehemu kubwa, wakatukatia safari ya meli siku saba, Croatia na Ugiriki, tangazo linasema inaanzia Venice. Nikasema basi kama ni Venice twende mapema tuuone mji wenyewe, tusipite tu kama mzigo.

Kufika nako kuna shughuli yake. Magari yote yanaishia Piazzale Roma, basi, teksi, kila chenye tairi, ukitoka hapo ni miguu au boti. Boti zao wanaita vaporetto, ndo daladala za majini, tiketi moja ni euro 9.50 kwa dakika 75, sisi tukachukua ya siku mbili euro 35 kila mtu na naona ndo inayolipa ukiwa na mizunguko. Kila ukipanda gusisha kwenye kimashine hata kama asubuhi uligusisha. Alafu mabegi. Mji una madaraja zaidi ya 400 na karibu yote ni ngazi, kwa hiyo lile begi la matairi mlilonunua Kariakoo mkidhani mtalisukuma, mtalibeba. Baba watoto alibeba yote mawili, moja begani, na kila daraja anasimama anaangalia maji anacheka peke yake. Usiku ule tulikuwa na furaha sana.

Asubuhi ya kwanza tukashuka kwenye chai. Chumba kina meza sita, na moja tu ndo iko dirishani, dirisha refu linafungukia juu ya mfereji, unaweza kunyosha mkono ukamgusa mtu wa boti. Na pale nje muda ule kulikuwa na tishari limefungwa, limebeba mifuko ya saruji na matofali, lina kawinchi kadogo, vijana wawili wanashusha. Mume wangu akasimama na sahani mkononi, mkate umeegemea yai, kaganda. Miaka 31 ya kazi yake iko pale dirishani, ila imekuwa ndogo na nzuri kama toi. Akaenda moja kwa moja kwenye ile meza.

Juu ya meza kuna kadi nyeupe ya plastiki imekunjwa kama paa la nyumba, imeandikwa Riservato, yaani imeshikwa, kwenye kona ina doa la kahawa. Kabla hajavuta kiti akatokea yule bwana wa hoteli, mtu wa makamo, koti zuri, akatuonyesha kwa kidole meza ya nyuma karibu na mlango wa jikoni. Sawa, nikasema watu wameshika meza yao. Tukakaa nyuma, kila mlango ukifunguka unanigonga kiti. Tukala taratibu makusudi ili niwaone hao wenye meza. Hakuja mtu. Tukamaliza, vyombo vikatolewa, kadi ipo palepale inalinda kiti kitupu.

Mume wangu akasema achana nayo mama watoto, mji wote ni dirisha huu. Na kwa kweli siku ile mji ulinisahaulisha. Tulipanda boti namba 1, ile inayosimama karibu kila kituo kwenye mfereji mkuu, kaeni mbele kabisa nje, mtapita chini ya daraja la Rialto lililomalizika 1591, jiwe tupu, na bado limebeba watu wote wale. Kanisa la San Marco lina farasi wanne wa shaba waliotekwa Constantinople, ndo Istanbul ya leo, mwaka 1204, wale mnaowaona nje ni nakala, wenyewe wako ndani, pandeni ngazi mkawaone, wana macho kama wanataka kusema kitu. Vichochoro vyake vimenikumbusha Mji Mkongwe mpaka harufu ya unyevu ukutani, unapotea, unaibukia uwanjani, ukutani kuna maandishi ya njano yanakuelekeza Rialto au San Marco, ukipotea tena haikuumi. Na baba watoto haangalii makanisa, anaangalia mizigo. Takataka zinabebwa na boti, wagonjwa boti, makochi boti, kreti za bia boti. Kila tishari ananiambia limepakiwa vizuri au vibaya. Sijamuona hivyo toka tumeoana.

Asubuhi ya pili tukawahi. Kadi ipo. Tukaenda wenyewe kwenye meza yetu ya mlangoni bila kuambiwa, na hilo ndo linaniudhi nikikumbuka, tulishafundishwa. Mara wakashuka mtu na mkewe, wazungu, hao nilikuwa nimewaona kwa macho yangu usiku uliopita wanaingia na mabegi, saa nne usiku. Yule bwana akaenda mbio, akaitoa kadi kwa vidole viwili, akaitia mfuko wa koti, akamvutia mama kiti. Hata hawakuomba! Wao wala sina neno nao, wale walikaa tu walipokaribishwa.

Nikainuka. Baba watoto ananivuta mtandio chini ya meza, nikainuka hivyohivyo, nikamuuliza kwa Kiingereza changu, kaka, sisi tumeitaka hii meza jana na leo, mtu anaishikaje? Akanijibu kwa upole kabisa, hii ni ya wageni.

Nikamwambia na sisi ni nani?

Akaangalia mtandio wangu, akaangalia ufunguo wa chumba niliokuwa nimeushika, akasema tafadhali, kakae. Basi. Mimi sio mtu wa kukimbilia kusema mambo ya rangi, nimeshazungumza na watu wengi kwenye hiyo safari na wengi walikuwa wema, lakini mkitaka maelezo mengine ya ile kadi nileteeni nyie, mimi nimeyatafuta sijayapata. Kwetu mgeni siku mbili, ya tatu ndo unampa jembe. Sisi jembe tumepewa asubuhi ya kwanza.

Siku ile ya pili kwangu iliharibika yote. Tulikwenda Murano kuangalia vioo, mafundi wa vioo wako kwenye kile kisiwa toka 1291, unaona fundi anavuta kioo cha moto kama anavuta lambalamba, ni kitu kizuri, na mimi nimenuna. Kwenye duka moja kuna shanga nyekundu nyekundu za zamani, na hapo ndo nikachemka kabisa, maana hizi shanga tunazijua, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilibeba shanga nyingi zilizotengenezwa hukuhuku Venice, bibi zetu wakaziita samesame wakazivaa kiunoni. Yani sisi tumekuwa wateja wa huu mji kabla babu yake yule bwana hajazaliwa. Alafu hatuna meza!

Jioni baba watoto akasema tupande gondola, ile mitumbwi yao ya kupiga kasia. Bei imepangwa na serikali ya mji, euro 90 nusu saa mchana, ukichelewa usiku ni 110, kwa boti nzima sio kwa kichwa. Nikakataa. Nikasema siwapi hela yangu tena hawa watu. Akanyamaza, tukarudi kwa miguu. Mwenye gondola hakunikosea chochote, na mume wangu ndo kabisa. Hilo najuta, nalisema wazi.

Sasa asubuhi ya tatu. Tunaondoka, basi la meli linatusubiri Piazzale Roma, tumeshuka kabla hata chai haijakaa sawa. Jikoni kulikuwa na kijana wa Bangladesh, toka usiku wa kwanza aliponiona na mtandio alinisalimia assalam aleikum, na kila siku anamuongezea baba watoto mayai bila kuombwa. Yule kijana akatoka, akatuona tunaelekea kwenye meza yetu ya mlangoni, akaangalia ile meza. Akaenda akaichukua ile kadi, akaitumbukiza mfuko wa aproni yake, akafuta meza, akaweka vikombe viwili. Hakusema neno. Akafungua dirisha.

Tulikaa kama dakika kumi na tano. Likapita tishari la takataka, na lingine la maji ya chupa, na dereva wake akampungia mume wangu mkono, na yeye akainuka kabisa kwenye kiti kumpungia.

Ndo yule bwana akaingia. Kwetu hakuja. Alikwenda kwa kijana akaongea nae Kiitaliano, sauti ya chini, muda mrefu, na kijana anaangalia viatu vyake. Sisi tumeshika vikombe hatujui tufanye nini. Nilitaka kwenda kusema sisi ndo tumekaa wenyewe, baba watoto akaniambia utamuongezea. Tukaondoka. Nilimpa kijana hela mlangoni akakataa, nikaitia mfukoni kwake kwa nguvu. Ndo maana sitaji jina. Nikitaja, wa kwanza kulipia atakuwa yeye, kama bado yupo.

Mengine haraka haraka. Ile Venice ya kwenye tangazo sio Venice, toka Agosti 2021 meli kubwa haziruhusiwi kupita mbele ya San Marco, yetu ilikuwa Ravenna, mji mwingine kabisa, zaidi ya saa mbili kwa basi, kwa hiyo angalieni jina la bandari kwenye tiketi msije mkaachwa. Siku ile nililalamika njia nzima ila kuzizuia hizo meli ni haki kwa mji ule, umechoka ule. Na kama meli yenu inagusa Montenegro chukueni viza ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja, maana Montenegro haimo kwenye Schengen, mkishuka pale mmeshatoka na mkirudi mnaingia upya.

Nilipoanza kuandika nilikuwa naweka nyota moja. Hapo katikati nilikuwa nimeiondoa hata hiyo. Sasa nimemsomea mume wangu hapa sebuleni, anasema niweke nne, anasema chai ya siku ile ya tatu ndo chai bora aliyokunywa maishani na kwamba tukijaliwa turudi Venice turudi hoteli ileile, meza ileile, na gondola tupande. Mimi sijamjibu. Wekeni tatu kwanza, nitakuja kubadilisha.