Ofisi ya wakili, Barabara ya Nkrumah, Mombasa: nyota nne

Nilikaa kwenye benchi lao saa mbili na nusu, na feni haizunguki. Nyota iliyokosekana ni hiyo, tumalizane nayo.

Nilikuwa mapokezi katika hoteli moja upande wa Nyali, miaka sita. Mimba ilipoanza kuonekana nikahamishiwa stoo ya mashuka, eti wageni wanataka kupokewa na "mtu mwepesi". Nikalalamika kwa maandishi. Mwezi haukwisha, kazi sina. Hilo ningelimeza, ila kila nilikoomba kazi baadaye walinifurahia mpaka wapige simu kule nilikotoka. Kisha kimya. Shoga yangu aliyeko Diani akaninong'oneza walichoambiwa: "Huyo atawapeleka kortini."

Wakili ni mama mtu mzima, hana papara. Nikamwambia nataka barua ya sifa.

"Mwanangu, hiyo hakuna sheria inayomlazimu kukupa. Cheti cha utumishi unacho?"

Sikuwa nacho. Niliambiwa nitapewa nikitia sahihi kwamba sina malalamiko. Akafungua Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, akanipa nisome mwenyewe: majina, aina ya kazi, mahali, tarehe ya kuanza na ya kuacha. Tabia haimo. Na mwajiri anayekinyima kusudi au kwa uzembe aweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, au kufungwa hadi miezi 6, au vyote viwili. Akanionyesha na cha 46: kumlalamikia mwajiri si sababu halali ya kufutwa, labda malalamiko yawe ya ovyo yasiyo na msingi.

Na zile simu? Hapo hakunipamba. "Huyo shogayo atasimama mbele ya hakimu aseme?" Hatasimama, ana watoto wa kulisha. "Basi tuanze na kinachoshikika."

Ushauri shilingi 3,000, barua ya kuwadai hicho cheti 7,500, kwa M-Pesa, risiti papo hapo. Barua yenyewe ukurasa mmoja, bila tusi hata moja (mimi ningetia matatu). Siku ya tisa bodaboda akaniletea bahasha Kisauni, cheti kimo ndani. Jina langu wamelikosea herufi, tarehe ziko sawa. Madai ya fidia bado yanaendelea.

Mkienda, fikeni kabla ya saa tatu asubuhi, mchukue mkataba na payslip zote. Na upepeo wa ukindu.