Dinas Emrys, Kilima cha Majoka Mawili: Uende au Usiende?

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo tuko kaskazini mwa Wales, milima ya Eryri, karibu na kijiji cha Beddgelert. Kilima hiki kinaitwa Dinas Emrys, na nawaomba mkijue kisa chake kabla ya kupanda. Bila kisa, mtaona mawe tu.

Kiliandikwa kwa Kilatini katika karne ya 9. Mfalme Gwrtheyrn, akiwakimbia Wasaksoni, wavamizi waliokuwa wakiitwaa nchi yake, alitaka kujenga ngome hapa juu. Kila vifaa vikikusanywa, usiku vinatoweka. Waganga wake wakamwambia: tafuta mtoto asiye na baba, umchinje, damu yake inyunyizwe hapa. Akaletwa Emrys, yule ambaye masimulizi ya baadaye yalimfanya kuwa Merlin, mchawi wa hadithi za Mfalme Arthur. Mtoto akawageukia waganga, akawauliza: chini ya hapa pana nini? Wakakosa jibu. Akasema, chimbeni, kuna bwawa. Kweli likaonekana, na ndani yake majoka mawili yamelala, moja jeupe, jingine jekundu. Yakaamka, yakapigana. Jekundu likazidiwa na kuzidiwa tena, kisha likapata nguvu, likalifukuza lile jeupe. Emrys akamwambia mfalme: jekundu ni lako, jeupe ni la wale waliokunyang'anya nchi.

Mkiiona bendera ya Wales, joka ndilo hilo jekundu.

Haya, njia. Inaanzia Craflwyn, ardhi ya National Trust, shirika la kuhifadhi maeneo ya kihistoria na ya asili, inapita kwenye maporomoko ya maji, halafu inaingia msitu wa mialoni. Pazuri mno! Kipande cha mwisho ni kikali na mawe yanateleza. Kileleni kuna msingi wa mnara wa enzi za watawala wa Wales, na shimo lenye majimaji ambalo wengi hulipita tu. Msilipite. Wanaakiolojia walichimba hapo kati ya 1954 na 1956, wakathibitisha kwamba bwawa lilikuwepo. Mimi hapo mwili ulinisisimka.

Wageni wengi huishia kijijini, kwenye kaburi la Gelert, mbwa wa hekaya, lililotengenezwa na mwenye hoteli mwishoni mwa karne ya 18 ili kuvuta wageni. Ukiwa na mzee au mtoto mdogo, nenda huko, njia ni tambarare. Ila kama miguu ina nguvu na una nusu siku tu, panda Dinas Emrys. Vaa viatu vya kushika mwamba, beba maji yako, maana juu hakuna duka wala choo. Mvua ikiwa kubwa, ahirisha.