Fundi aligonga mwamba, akaikata rodi ya ethi, akanificha

Nilikusudia kumpa fundi huyu wa umeme alama za wastani, maana waya za ndani alizivuta vizuri. Soketi zimenyooka, kila breka imeandikwa inakohudumia, na alifika siku aliyoahidi. Kwa hayo namshukuru. Shida yangu ni ethi, yaani waya na rodi ya chuma vinavyoupeleka ardhini umeme uliovuja.

Nyumba yetu imekaa juu ya mwamba. Nilimweleza kabla hajafungua begi la vifaa kwamba udongo hapa ni wa juujuu tu, ukichimba kidogo unagonga jiwe. Akanijibu kuwa amefunga ethi kwenye mawe mabaya kuliko haya. Rodi niliinunua mwenyewe, ya mita 2.4, ile ya chuma kilichovikwa shaba. Nikamwachia kazi, nikaenda kwenye shughuli zangu. Niliporudi jioni nilikuta kichwa cha rodi kimechomoza kidogo ardhini, klampu imekazwa, waya wa ethi umeingia ndani. Nikamlipa yote.

Miezi kadhaa ikapita, kiangazi kikakolea. Binti yangu akaanza kulalamika kwamba mashine ya kufulia inamtetemesha akiishika na mikono yenye maji. Mara ya kwanza nilimwambia avae ndala. Neno hilo linanichoma mpaka leo.

Safari ya pili nilizima swichi kuu, nikatoka na tochi kuiangalia ile rodi. Nilipoishika ikatikisika. Rodi iliyozama mita mbili haitikisiki kwa mkono! Nikaivuta, ikatoka yote. Nikaisimamisha kando ya mguu wangu, ikanifika juu kidogo ya goti. Kichwani, mahali palipopaswa kuwa pamebondeka kwa nyundo, palikatwa kwa msumeno: katikati chuma chenye kutu, pembeni kiganda chembamba cha shaba. Alikwama kwenye jiwe, akakata kilichobaki juu, akafunga klampu, kisha akanyoosha mkono kupokea hela yangu.

Nikampigia simu. Nilijizuia sana, nikamuuliza kwa utaratibu. Akasema, "Bosi, taa si zinawaka? Unataka nini tena?" Nikamwambia mwanangu anapigwa na umeme. "Ethi ni ethi, hata ikiingia kidogo imeingia. Mwamba siutoboi mimi." Akakata simu.

Ethi ni ethi? Udongo wa juu ndio wa kwanza kukauka. Unyevu unaopitisha umeme uko chini, na ndiyo sababu rodi ikatengenezwa ndefu. Fundi wa pili niliyemwita alikirudisha kile kijiti shimoni na kukipima mbele yangu: omu 340. Omu ni kipimo cha jinsi umeme unavyozuiwa kupita, na kwa ethi kikiwa kidogo ndiyo bora. Akanipigia hesabu papo hapo. Volti 230 zikivuja kupitia omu 340, haupiti umeme wa kufika hata ampea 1. Breka ya ampea 20 haiwezi kushtuka na kukata umeme kwa hapo, kwa hiyo bati la mashine linabaki na umeme, likimsubiri mwenye mikono mibichi. Na breka ya kukata umeme unaovuja, ile ya miliampea 30, yule bwana hakuifunga wala hakuwahi kuitaja.

Mwamba nao haumpi udhuru. Kanuni za umeme za Marekani zinasema wazi: rodi ikigonga mwamba, ipigwe kwa mshazari usiozidi nyuzi 45 kutoka wima, na hilo likishindikana ilazwe kwenye mtaro wenye kina cha sentimita 75 au zaidi. Ikatwe? Hapana. Fundi wa pili alitafuta ufa, akaipiga rodi mpya kwa mshazari na drili ya nyundo hadi ikazama yote. Akapima, omu 41, hakuridhika. Akashinda kutwa na sururu upande wa chini wa kiwanja kuchimba mtaro, akailaza rodi ya pili mbali na ile ya kwanza, akaziunganisha kwa waya wa shaba. Omu 22. Nilikaribia kulia. Angeniambia tu, "Hapa pamenishinda," ningemlipa kwa jasho lake na kutafuta mwingine, na leo ningekuwa namsifu.

Nilisema alama za wastani. Nimeandika hadi hapa na nazifuta. Soketi zilizonyooka zina faida gani kwa mtoto anayeshika bati lenye umeme? Simpi hata alama moja.

Na kuna jambo linaloninyima usingizi. Rodi ilikuwa ya mita 2.4, kwangu aliacha sentimita 60. Kipande kilichobaki sikukiona uani, aliondoka nacho. Kinatosha kutoa vipande vitatu kama hiki changu.